Tunanunua Makali, Mpini Tunapewa

Mtazame mnunuzi wa kisu cha fundi pale Ngamiani, Tanga, au Kamukunji, Nairobi. Anakishika, anapitisha kidole gumba kwenye makali, anakigonga kwa ukucha asikilize kinavyolia, anakikandamiza kwenye meza aone kama bapa litapinda na kurudi. Akiridhika, wanaanza kuvutana bei. Mpini haumo katika mazungumzo. Ni mti gani, umekauka kiasi gani, ribiti ni za nini, matundu yamekaa sawa? Hakuna anayeuliza, na fundi asiyeulizwa hana sababu ya kuhangaika. Kisu kinakwenda nyumbani, kinakata vizuri, na kabla mwaka haujaisha mpini unaanza kucheza. Hapo unatafutwa mpira wa tyubu ya baiskeli, unazungushwa. Mpira nao ukichoka, kinafungwa kitambaa, na kisu kinaendelea kumenya mihogo hivyo hivyo kwa miaka, chuma chake kizima, mshikio wake matambara.

Naishi Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, mji ulioishi kwa kazi ya visu kwa karne nyingi. Chama cha watengeneza visu wa hapa kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, na ni hapa hapa Harry Brearley alipopata chuma kisichoshika kutu mwaka 1913. Najifunza kutengeneza visu katika karakana ya pamoja, mahali ambapo mtu hulipia meza na mashine hutumiwa kwa zamu. Kilichonishangaza hapa si chuma. Wahunzi wetu wanajua chuma. Upareni kuna ukoo wa Washana ambao jina lake na uhunzi ni kitu kimoja, na Mamba, jirani na Marangu, chuma bado kinafuliwa kwa mvukuto wa ngozi. Springi ya Land Rover iliyopashwa moto ikaiva, ikazamishwa kwenye mafuta, kisha ikapashwa tena polepole ili ukali wake usiwe wa kuvunjika, inatoa kisu ambacho hakuna fundi wa Sheffield atakayekidharau. Kilichonishangaza ni muda ambao watu wa hapa wanautumia kwenye mpini. Bapa likishakamilika, mimi nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Sababu yake ni ya kale. Enzi za viwanda, kisu cha Sheffield kilipita katika mikono ya watu watatu. Mmoja alifua, wa pili alisaga kwenye jiwe kubwa linalozunguka, wa tatu alitia mpini. Wengi wao walikuwa mafundi wadogo waliojitegemea, wakikodi chumba katika jengo lenye mtambo wa mvuke na kulipia nguvu yake. Vyumba vya namna hiyo bado unaweza kuviona katika jumba la makumbusho la Kelham Island, na meza zao zimejaa vifaa vidogo vidogo vyeusi kwa mafuta ya mikono. Kilichonigusa ni hilo la mtu wa tatu. Kutia mpini ilikuwa kazi kamili, yenye fundi wake, mwanafunzi wake na ujira wake. Haikuwa mkia wa kazi ya mtu mwingine. Mtia mipini alilipwa kwa mpini, kwa hiyo mpini mbaya ulikuwa aibu yake peke yake na hakuwa na chuma cha kujifichia.

Sisi watu wa pwani tumo katika historia hiyo, na sehemu yenyewe ni chungu. Mipini ya visu vya mezani vya matajiri ilikuwa ya pembe za ndovu, na katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa za pembe hizo duniani. Zilibebwa mabegani kutoka bara, mamia ya maili, na wapagazi huru na watumwa, zikauzwa Unguja, zikasafiri hadi London na miji mingine. Nikiona kisu cha zamani cha namna hiyo kwenye kabati la kioo naangalia mpini kwanza, na sioni uzuri unaosifiwa kwenye kibandiko chake. Uingereza ilipitisha sheria ya kuzuia biashara ya pembe mwaka 2018, ikaanza kutumika mwaka 2022.

Lakini turudi kwenye ribiti, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Ribiti ni kitu chepesi kukieleza na kigumu kukifanya vizuri. Mkia wa kisu, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini, unawekwa katikati ya mbao mbili. Kipande cha waya mnene wa metali laini kinapita kwenye ubao wa kwanza, kwenye mkia, na kwenye ubao wa pili, kisha kinagongwa pande zote mbili hadi vichwa vyake vipanuke na kubana. Hapa wanapenda shaba njano, unene wa milimita 3 au 4. Matundu ya kwenye mkia hutobolewa kabla chuma hakijatiwa moto wa kukikomaza, kwa sababu kikishakomaa kinakula biti za drili. Baada ya hapo mkia wenyewe ndio kipimo. Unabanwa juu ya ubao wa kwanza, drili inapita katika tundu la chuma na kuzama kwenye mti, ribiti ya muda inachomekwa ili ubao usisogee hata unywele, ndipo linatobolewa tundu linalofuata. Ubao wa pili vivyo hivyo. Hakuna kukisia kwa macho, na hakuna kulazimisha.

Waya unakatwa ukizidi kidogo tu, kama milimita moja na nusu kila upande. Mdomo wa tundu unapanuliwa kidogo ili shaba ipate mahali pa kujaza. Kisu kinalazwa juu ya fuawe ndogo, na hapo inaingia nyundo yenye kichwa cha mviringo. Si kupiga, ni kugongagonga. Pigo moja jepesi katikati, kisha unazunguka ukingo, unageuza kisu, unazunguka upande wa pili, unarudi wa kwanza. Shaba inatambaa taratibu kutoka katikati kwenda pembeni mpaka imeziba mdomo wa tundu. Ukiipiga kwa nguvu, haipanuki kichwani tu. Inavimba pia tumboni, ndani ya mti, mahali usipopaona, na mti unaachia kufuata nyuzi zake. Mara nyingine hauachii siku hiyo. Unakaa na mkazo huo hadi msimu ubadilike, ndipo unatokea ufa mwembamba kutoka ribiti moja hadi nyingine, na mwenye kisu analaumu mti. Kazi ikienda vizuri, vichwa vinasawazishwa kwa tupa na msasa, na kinachobaki ni vidoa vitatu vya mviringo vinavyong'aa. Kidole kikipita juu yake hakihisi mahali mti unapoishia na shaba inapoanzia.

Hiyo ndiyo kazi ya ribiti ninayoihusudu. Lakini nisiwapambe watu wa hapa kupita kiasi, kwani wengi wa kizazi cha sasa wameiacha. Siku hizi zinapakwa gundi ya epoksi pande zote mbili za mkia, mbao zinabanwa kwa jiliwa na kuachwa usiku kucha, na ile shaba inachomekwa ndani ya gundi bila kugongwa hata mara moja. Gundi inashika, hilo sikatai. Na ina faida kubwa: inaziba. Maji hayapiti kati ya mti na chuma, wala mafuta ya nyama, wala mabaki ya samaki yanayooza mahali kitambaa hakifiki. Kwa kisu cha jikoni hilo si jambo dogo. Ila mpini wa namna hiyo haufunguki bila kuharibiwa. Ufa ukitokea, au mtu akiuunguza kwenye jiko kwa bahati mbaya, mbao zinavunjwavunjwa na kukwanguliwa, na watu wengi wanaona heri wanunue kisu kingine.

Nilipokwenda likizo Tanga nilibeba kisu kimoja nilichokitengeneza hivyo, kwenye begi la mzigo bila shaka, nikakipeleka kwa mzee mmoja anayefua visu nyuma ya soko. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akakipokea bila kuniuliza habari za Ulaya. Makali aliyapitia haraka. Kisha akakigeuza, akaweka kucha kwenye kiungo cha mti na chuma akitafuta mahali pa kuingilia, akakosa. Akageuza tena.

"Huu ukivunjika nitaufunguaje?"

Nikamwambia haufunguki, umegundishwa. Alinirudishia kisu kwa heshima kabisa, na nikaelewa kuwa kwake hicho ni kisu chenye kasoro. Yeye hujenga kila kitu akijua kitarudi mezani kwake. Panga la mkulima linamrudia na mpini mpya unatiwa, jembe vilevile, shoka vilevile. "Chuma kinakaa, mti unakwenda," aliniambia, na kwa hali ya nchi yetu, ambako panga lina jua, mvua, mchwa na mkono wa kijana mwenye haraka, yuko sahihi kuliko kitabu chochote nilichosoma hapa. Mpini usiofunguka ni mpini uliotengenezwa na mtu asiyetarajia kumwona mteja wake tena.

Lakini nilipokaa kumtazama akifanya kazi niliona pia kinachotuangusha. Matundu ya mkia aliyatoboa chuma kikiwa chekundu, kwa ncha ya tindo, na yalitoka na umbo lolote lililopatikana. Mbao zilikuwa mabaki ya mwembe kutoka kwa seremala jirani, bado mbichi kiasi kwamba unga wake ulishikana na vidole. Ribiti zilikuwa misumari ya inchi tatu, imekatwa kichwa, ikagongwa hadi ikashika. Msumari ni chuma tupu. Mti ukipata maji, na kisu cha jikoni kinalala kwenye beseni la vyombo kila siku, kutu inaanza ndani ya tundu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inausukuma mti kutoka ndani, huku mti wenyewe unaozunguka msumari ukigeuka mweusi na kulainika. Tundu linapanuka, msumari unapungua, mpini unacheza. Hapo ndipo wanapoingia watu wa mpira wa tyubu.

Nilimuuliza kwa nini hatumii shaba. Shaba ipo. Waya mnene wa umeme una shaba nyekundu safi ndani yake, laini, inayogongeka kirahisi na isiyovimba kwa kutu. Makomeo mabovu na mabomba chakavu yana shaba njano. Wauza chuma chakavu wako hatua chache kutoka kwenye kibanda chake.

"Mteja hanilipi mpini," alisema. "Anauliza kisu bei gani. Tangu nianze kazi hii sijasikia mtu akiniuliza mpini bei gani."

Sikuwa na jibu, kwa sababu mimi mwenyewe nimekulia katika nyumba ambayo visu vilinunuliwa hivyo. Tunasema mwenye mpini ndiye mwenye kisu, tunalisema kwenye siasa, kwenye ndoa, kwenye mpira, halafu tunafika sokoni na kulipia makali peke yake. Ustadi anao. Mtu anayeweza kukadiria joto la chuma kwa rangi yake, kivulini, bila kifaa chochote, hashindwi kutoboa tundu lililonyooka. Anachokosa ni mtu wa kumlipa nusu saa ya ziada.

Kuna jambo la unyevu ambalo ni lazima niliseme, kwa sababu ndugu wengi huku ughaibuni wanabeba visu na miko kutoka nyumbani na kushangaa vinavyoharibika. Mti hauachi kupumua eti kwa sababu umekuwa mpini. Pwani yetu hewa ina unyevu mwingi, na ubao uliokaa Tanga unaweza kubaki na unyevu wa karibu asilimia 15 ya uzito wake mkavu. Uulete ndani ya nyumba ya Ulaya wakati wa baridi, jiko la kupasha joto likiwaka kutwa, unashuka hadi asilimia 7 au 8. Mti unaposhuka hivyo hausinyai kwa urefu, au husinyaa kidogo mno usione. Unasinyaa kwa upana na kwa unene. Kisu nilichokinunua kwa yule mzee kilipokaa kwangu hadi Januari, ukingo wa mkia ulichomoza kuzunguka mpini wote, unaukwaruza mkono, na vichwa vya misumari vikasimama juu ya mti kama vipele. Hakuna aliyekosea hapo. Mpini ulitengenezwa kwa ajili ya Tanga, na ungekaa Tanga, hata na ubichi wake, usingesinyaa kiasi hicho. Dawa ni kuuacha ukae ndani ya nyumba majira mazima ya baridi, ndipo uupige msasa na kuupaka mafuta ya kitani. Ukiupiga msasa mapema, utarudia kazi.

Ndiyo maana mti wa mpini una umuhimu kuliko tunavyoupa, na hapa nchi yetu ina utajiri unaoniumiza roho. Mpingo hukua Kilwa, Lindi, Mtwara na mahali pengine pakavu. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, una mafuta yake wenyewe, hauchezi sana na unyevu, na ukisuguliwa unang'aa bila kupakwa kitu. Dunia inaujua kwa klarineti na zumari za Kiskoti. Watengeneza visu wa hapa wanaujua kwa mipini, na unauzwa kwa jozi za vibao vidogo, kila jozi imefungwa pamoja ili nyuzi zilingane, kwa bei ambayo mzee wa Ngamiani angedhani nimekosea kuisoma. Tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya mkataba wa CITES pamoja na jamii yake nzima, na sawa kabisa, kwani mti unaochukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa haustahili kukatwa ovyo. Lakini kibao kimoja cha mpini hakizidi urefu wa sentimita 12, upana wa 3 na unene wa milimita 8. Nenda kijiji cha vinyago Mwenge, Dar es Salaam, uangalie chini ya miguu ya wachongaji wa Kimakonde. Vipande vya ukubwa huo ni takataka pale. Hakuna mti mpya wa kukata.

Mpingo nao una masharti. Ni mgumu na ni mwepesi kupasuka, kwa hiyo tundu lake liwe pana kuliko ribiti kwa kiasi kidogo sana, ribiti ipite kwa kusukumwa na kidole bila nyundo, na nyundo ije mwisho kwa mapigo mepesi kuliko ya mti wowote mwingine. Drili iende polepole na kutolewa mara kwa mara, maana joto peke yake linatosha kuupasua. Unga wake unawasha macho na kifua, ufunge pua. Asiyeupata asisikitike. Mninga uliokauka ni mpini mzuri sana, hauchezi, harufu yake njema, na mafundi samani wanautupa kila siku. Mkongo pia. Mwembe tuuache kwa kuni.

Kwa hiyo mpini ninaoutengeneza siku hizi si wa huku wala si wa kule. Kati ya mti na chuma napaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, inaziba maji na haigandi kama mwamba. Ribiti ni shaba, tatu, zimegongwa kwa kweli. Ikifika siku ya kuufungua, unatoboa kichwa kimoja cha kila ribiti kwa drili, unaisukuma nje kwa msumari, mbao zinaachana na mkia zikiwa nzima. Wenzangu wa karakanani waliniambia naogopa gundi. Niliwaeleza maneno ya mzee, na mmoja wao, mtu mzima aliyefanya kazi kiwandani ujana wake wote, akasema bwana wake wa kwanza alikuwa akikataa kisu kisichofunguka. Nilifurahi kuyasikia hayo, kwa sababu yanaonyesha kwamba mzee wa Tanga na fundi wa Sheffield wa zamani wangeelewana bila mkalimani, na kwamba walioachana na ribiti hawakuiacha kwa kuwa haifai. Waliiacha kwa kuwa gundi inaokoa muda.

Jambo dogo kwa walio huku: sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inakataza kubeba kisu cha namna hii hadharani bila sababu ya maana. Ukitoka karakanani nacho, kifunge, kiweke chini kabisa ya begi pamoja na vifaa vyako, uende moja kwa moja nyumbani.

Nilipopita tena Ngamiani nilimpelekea mzee biti za drili za milimita 3 na 4 pamoja na fimbo kadhaa za shaba njano. Drili aliazima kwa seremala, yule yule wa mabaki ya mwembe, ambaye sasa anamwekea vipande vya mninga. Tulikaa tukatengeneza mpini mmoja pamoja, yeye akinisahihisha namna ya kushika nyundo, mimi nikimshikia mkia juu ya ubao. Kisha nilimshauri jambo moja tu la biashara: atangaze bei mbili, ya kisu chenye misumari na ya kisu chenye shaba, ili mpini uwe na bei yake na mteja alazimike kuuliza tofauti iko wapi.

Kwa mujibu wa mpwa wangu anayepita pale kila wiki, wateja wengi bado wanachukua cha misumari. Cha shaba kinachukuliwa na wauza nyama na mama lishe. Hao hawahitaji kuelezwa. Mtu anayeshika kisu kuanzia alfajiri hadi saa nane mchana, mkono umelowa, anaujua mpini unaocheza kwa malengelenge yake, na mmoja wao amekwisha kumletea mzee visu vyake vyote vya zamani vivuliwe misumari na kutiwa shaba.